Jina Lililoitwa Mchana

Kwetu mtoto hapewi jina mpaka siku ya saba. Mbuzi anachinjwa, watu wanakula, baba anatamka jina, basi. Kabla ya hapo mtoto ni "mdogo" tu, ama "yule". Mimi na hiyo sina shida. Shida ni kwamba hizo siku zote kila mwanamke mwenye miguu anaingia nyumbani kwenu na jina lake, anakutandikia kama mtu anayeuza vitambaa, na usipolichukua anakasirika.

Dadangu alijifungua msimu wa joto, hapa Garissa, wakati hata wale korongo wakubwa wa juu ya minara wanafungua midomo na hakuna sauti inatoka. Mimi ndiye nilikuwa nakaa naye. Mama yetu alikufa tukiwa wadogo, na huyu dada ndiye alinilea, yeye mwenyewe akiwa bado mtoto. Alikuwa ananifunga mgongoni anaenda kuteka maji. Kwa hivyo mtu akimgusa dadangu ameniingiza kidole kwa jicho. Nilikuwa hivyo na bado niko hivyo.

Chumba kilikuwa kimoja, dirisha moja limezibwa na shuka. Udi ulikuwa ukiwaka kwa chetezo asubuhi na jioni. Mtoto alifungwa uzi mweusi mkononi na kipande cha mvuje, na chini ya mto wa dadangu kulikuwa na kisu, kwa sababu mzazi na mtoto hawaachwi peke yao mpaka arobaini iishe. Ayeeyo, bibi yetu mzaa mama, alikuwa analala mlangoni kwenye mkeka. Mume wa dadangu alikuwa Elwak kwa kazi yake ya kusafirisha mizigo, na alikuwa amesema atafika siku ya jina.

Sasa majina. Aliyekuja na kelele zaidi ni wifi yake dadangu, dada ya mumewe. Yeye alitaka jina la mama yao.

"Na wewe unasema uko na lako," akamwambia dadangu. "Ni gani?"

"Utalisikia siku yake."

"Ni la Kituruki? Wasichana wa siku hizi wanaokota majina kwa runinga kama watoto wanaookota chupa."

"Si la Kituruki."

"La Kiarabu?"

"Hapana."

"Basi ni la nani?"

"Ni lake. Hakuna mtu mwingine ako nalo."

Wifi akapiga makofi, akamgeukia Ayeeyo kama mtu anayeshtaki kwa chifu. Jirani yetu alikuwa amekaa pale kando, mama wa Kikamba anayeuza chai karibu na soko la mifugo, akacheka. "Mwacheni jamani. Wangu wa kwanza nilimpa jina la nyanya yake, akawa mkaidi kama nyanya yake. Wa mwisho nikampa jina tamu, la kwangu mwenyewe, mpaka leo nikimwita najisikia nimelamba sukari. Jina tamu lina ubaya gani?"

"Utamu unaita sisimizi," wifi akasema.

Hapo Ayeeyo akaongea. Yeye huongea Kisomali tu, polepole, na akiongea watu wanaacha vikombe. Alisema jina ni kama kisima. Kisima ambacho babu zako walichimba, unajua nani amekunywa, nani ameanguka, kamba inafika wapi. Ukikuta kisima kipya porini, maji matamu, hakuna alama ya mnyama wala ya mtu, usikimbilie kunywa. Jiulize kwa nini hakuna mtu amekunywa hapo. "Jina ambalo halijawahi kuwa na mtu," akasema, "halina mtu wa kulilinda. Nyumba tupu huwa haikai tupu."

Mimi nikashika moto. Nikasema, "Kwani nani kati yenu alibeba hii mimba? Nani kati yenu alikuwa hapa mara ya kwanza? Akitaka kumwita mtoto wake Mwezi, ama Jiwe, mtamwita hivyo na mtanyamaza!"

"Huyu mdomo wake hauna mlango," wifi akasema.

"Uko na mlango, na nikiufungua wewe utatoka."

Dadangu akanivuta nguo nikae. Lakini niliposema "mara ya kwanza", chumba chote kilinyamaza, kwa sababu wote walijua. Dadangu alikuwa amezaa msichana mwingine kabla ya huyu, kwa chumba hicho hicho, na alikufa kabla ya siku ya saba. Walimbeba wakamzika. Shemeji aliporudi kutoka makaburini dadangu akamuuliza, "Mmemzika kwa jina gani?" Shemeji akaangalia viatu vyake. Wanawake wakamwambia ati ni afadhali, hakuwa amezoeleka, hakuwa na jina. Walifikiri wanamfariji. Baadaye aliniambia, "Namuona kwa ndoto, amekua, anatembea mbali na mimi, na sina namna ya kumwita arudi."

Ndiyo maana huyu wa pili alimtafutia jina akiwa bado tumboni. Alilitengeneza mwenyewe, kwa ulimi wake, akilibadilisha kidogo kidogo mpaka likakaa sawa. Siku moja tukiwa tunajaza mitungi aliniwekea mdomo kwa sikio akalisema. Lilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Linaanza laini na linaisha kama pumzi ya mtu aliyetoka kunywa maji baridi. Tulilijua watu wawili tu hapa duniani. Sitaliandika.

Siku chache baada ya dadangu kujifungua, baada ya sala ya adhuhuri, nilikuwa nje kwa jiko la mabati napika supu ya mzazi. Hiyo saa ya Garissa wenyeji wanaijua. Maduka yamefungwa, bodaboda zimelala kwa vivuli, hata mbuzi wamejibanza kwa ukuta. Unaweza kusikia mabati yakinyooka kwa joto. Ayeeyo alikuwa amesinzia mlangoni.

Nikasikia mtu anaita lile jina.

Lilitoka nyuma ya nyumba, upande wa kichaka cha miba cha mathenge. Sauti ya mwanamke. Si kelele. Ilikuwa ile ya kumbembeleza mwana-mbuzi aliyekataa kutoka zizini, unavuta mwisho wa neno, unangoja, unaita tena. Nilijua hiyo sauti lakini sikujua ni ya nani. Kama vile unasikia mtu amerekodiwa kwa simu na unasema, huyu namfahamu, na unamchukia kidogo bila sababu.

Nikafikiri ni dadangu anamwita mtoto kwa chumba, na joto linachezea masikio. Nikaingia. Nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mguu mmoja chini, mtoto amembeba, anataka kutoka.

"Mbona unaliita nje?" akaniambia kwa kunong'ona, amekasirika. "Watu watasikia. Na unaniita nitoke naye juani kwa nini?"

"Nani amekuita?"

"Wewe."

"Mimi nilikuwa jikoni."

"Ni sauti yako."

"Wallahi, abaayo, nilikuwa jikoni." Abaayo ni dada. Nikimwita hivyo anajua sichezi.

Akarudisha mguu kitandani.

Mimi nikichanganyikiwa huwa nakasirika, ndiyo njia yangu. Nikachukua panga la kuni nikazunguka nyuma. Mathenge ilikuwa imesimama tu na miba yake na mifuko ya plastiki. Mchanga ulikuwa laini na haukuwa na alama ya mguu, hata wa mbuzi. Niliita, "Wewe, toka!" na sauti yangu ilipotoka mdomoni nikanyamaza, kwa sababu ndipo nilijua ile ingine niliisikia wapi.

Nikaenda mbio kwa jirani, mama wa chai. Nilimkuta amelala kivulini, kitambaa kibichi kwa uso.

"Kuna mtu amepita hapa?" nikamuuliza.

Akatoa kitambaa. "Nani apite na hili jua? Ni wewe tu nimesikia unaita." Kisha akatabasamu. "Kumbe ndilo jina lenyewe? Jamani, ni zuri." Na akalisema. Alilisema sawa kabisa, na ile pumzi ya mwisho.

Nilimrukia kwa maneno. Nilimwambia ni mchawi, nilimwambia anasikiliza kwa kuta za watu, nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mama anayemletea chai bure. Yeye akakaa tu akiniangalia, halafu akasema taratibu, "Mwanangu, ni wewe umeita. Nakujua sauti kama najua sufuria zangu. Ila ulikuwa umeipunguza hasira. Hata nilijiambia, leo huyu msichana amepoa."

Nilimwambia Ayeeyo. Nilitarajia aseme, "Si niliwaambia?" ili nipate mtu wa kugombana naye. Hakusema. Alivuta shuka mabegani kama anasikia baridi, kwa lile joto, na hicho ndicho kitu kilinitisha. Akauliza, "Dadako aliitikia?"

"Alikuwa anataka kutoka, lakini hakuitikia."

"Alhamdulillahi." Akasema ukiitwa wakati wa jua kali na humuoni anayekuita, usiitikie, hata kama ni mama yako. Akasema hicho kitu hakina sauti. Kinaazima. Na hakiazimi sauti ya mtu yeyote tu, kinaazima ya yule ambaye mwenye nyumba hawezi kumkatalia.

Dadangu alikuwa anasikia yote kutoka kitandani. Akaniangalia kwa muda, na sikupenda alivyoniangalia. "Ulimwambia mtu hilo jina?"

"Abaayo!"

"Nakuuliza tu. Wewe ukigombana unasema kila kitu."

"Sikumwambia mtu. Ningekufa kwanza."

"Basi limetoka vipi?"

Mtu mwingine angeniuliza hivyo ningevunja vyombo. Lakini huyu ndiye amenilea, na alikuwa amembana mtoto kifuani kama mimi ndiye nimekuja kumchukua. Nikamwambia, "Sikia. Kutoka saa hii mpaka siku ya jina, mimi siongei hapa nyumbani. Hata neno. Ukisikia sauti yangu, si mimi."

Akafikiri. Akaitika kwa kichwa.

Basi nikanyamaza. Nyinyi hamnijui, lakini mtaa wetu wote unaweza kuwaambia hiyo ni kazi gani kwangu. Nikitaka maji napiga makofi. Wageni wakiongea upuuzi natoka nje nauma kanga. Wifi alifurahi sana. "Leo jua limetoka magharibi! Nani amemshona huyu?" Akaendelea na jina la mama yake bila mtu wa kumpinga, na alikuwa ananiangalia kila akilitaja, akingoja niruke. Nilikuwa napasuka ndani. Lakini dadangu alianza kulala vizuri. Nikiingia chumbani kimya, mabega yake yalikuwa yanashuka.

Siku moja kabla ya jina, saa hiyo hiyo ya mchana, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka mbele ya kitanda nachambua kitunguu saumu. Dadangu alikuwa ananyonyesha. Tulikuwa tumetazamana uso kwa uso.

Sauti ikaja dirishani. Si kule kichakani tena. Hapa, nyuma ya shuka, karibu hata ningenyoosha mkono ningeigusa.

Iliita jina la mtoto. Halafu ikasema, "Abaayo, nipe kidogo nimshike. Umechoka."

Ilikuwa mimi. Vile ninavyoongea na yeye peke yake, bila ukali, vile hata wifi hajawahi kunisikia. Dadangu hakuangalia dirisha. Aliniangalia mdomo. Mimi niliinua mkono nikaushika, sijui kwa nini, nadhani nilitaka kuhakikisha haujasogea. Ulikuwa umefungwa. Na sauti ikaendelea, "Nipe tu, abaayo. Mimi ni wako."

Mtoto akaachia ziwa. Akafungua macho, akatulia, vile mtu anatulia akisikia mgeni mlangoni.

Hapo Ayeeyo akaamka. Hakukimbia. Alisimama kwa kizingiti, mzee wa watu na fimbo yake, akaongea kwa nguvu kuelekea nje, "Hapa hakuna mtu wa jina hilo." Halafu akaanza kutaja majina ya wanawake wa mji huu, yale ya kawaida kabisa, yale ukifungua mlango wa darasa lolote utayapata manne manne. Akayataja moja baada ya lingine, haraka, kama mtu anayerusha changarawe, bila kupumzika, mpaka jasho likamtoka. Dadangu alikuwa amemziba mtoto masikio na viganja vyote viwili. Mimi, mtu wa panga, mtu wa kutafuta ugomvi nyumba kwa nyumba, sikuweza hata kuinua ile shuka.

Kukawa kimya. Mabati yakanyooka juu yetu, tak, tak.

Dadangu akasema, "Ayeeyo, kwa nini hayo?"

"Jina la kawaida ni kundi kubwa," Ayeeyo akasema, akikaa chini. "Liite sokoni, wanawake ishirini wageuke. Wacha kitafute ni yupi."

Shemeji alifika asubuhi yake kutoka Elwak, vumbi mpaka kwa kope. Mbuzi akachinjwa, watu wakajaa. Alikuwa amemuahidi dadangu kwa simu kwamba atamwachia chaguo lake, na alikuwa ameshagombana na nyumba yao kwa hilo. Akaja kitandani akainama. "Niambie hilo jina nikalitamke."

Dadangu akamwambia jina la mama mkwe wake. Lile la wifi. Lile ambalo nusu ya Garissa inalo.

Shemeji akashangaa. "Na lile lako?"

"Hilo ndilo."

Wifi aliposikia akapiga vigelegele mpaka kichwa kikaniuma. Akamwambia dadangu, "Nilijua akili itarudi." Supu ya moto ilikuwa mkononi mwangu. Naapa, ilikuwa mkononi mwangu. Dadangu akanishika kidole chini ya shuka, akakibana, na nikanyamaza, kwa sababu jina lilikuwa bado halijatamkwa na nilikuwa nimeahidi.

Wageni walipoondoka alilia. Si kilio cha sauti. Mtoto mwenye jina jipya alikuwa amelala kwa paja lake, mzima, ameshiba.

"Unalilia nini?" nikamuuliza. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza, na yeye alishtuka kuyasikia.

"Sasa niko na mtoto bila jina, yule wa kwanza," akasema, "na niko na jina bila mtoto. Na wote wawili wako nje."

Tukaangalia shuka ya dirisha. Ilikuwa imetulia, hakukuwa na upepo. Sikuisikia hiyo sauti tena, na Ayeeyo alikufa mwaka uliopita bila kuizungumzia.

Arobaini ilipoisha dadangu alihamia Elwak kwa mumewe. Mtoto sasa anakimbia, anaongea lugha tatu, anatukana kwa mbili. Lakini dadangu hapokei simu yangu ya kawaida. Nikimtumia sauti haifungui, anaifuta. Ni lazima iwe video, na hata hapo haniangalii macho. Anaangalia mdomo, anangoja niseme kitu, halafu ndio anacheka na kunisalimia. Mwanzoni nilikasirika. Halafu nikazoea, nikawa nashusha simu kidogo ili anione vizuri.

Juzi mtandao wa huko ulikuwa mbaya. Tulikuwa tunaongea vizuri, namuuliza mtoto amepona mafua. Picha ikakwama. Kwake ikakwama uso wangu, mdomo umefungwa, na mimi huku sijui, naendelea kuongea. Naendelea kumwambia, "Mlete basi, abaayo, nimuone."

Simu ikakatwa. Nikapiga, haikushikwa. Nikapiga tena. Nikamwandikia, "Ni mimi." Zile alama mbili zikawa za buluu. Ikakaa, ikakaa, halafu akaandika, "Wewe nani?"

Hiyo siku sikugombana na mtu. Nilifunga nguo zangu, nikapanda basi la Wajir, na kutoka Wajir nikapata lori la Elwak, mgongo ukaisha kwa mashimo. Nilifika kesho yake mchana. Lango lao lilikuwa wazi nusu, na uwanja ulikuwa kimya, kila mtu amelala kwa joto. Mtu yeyote mwenye adabu angepiga hodi. Nilisimama pale juani na begi langu, sikuita. Sijui nilisimama kwa muda gani. Mwishowe mtoto akatoka bila viatu, akaniona, akasimama, akaniangalia juu mpaka chini.

"Mama," akaita, "kuna mtu kwa lango. Haongei."

Dadangu akatoka akijifunga mtandio. Akasimama mbali. Nikafungua mdomo pole pole, ili auone vizuri, kabla sijasema kitu.